Robo Duara

Mwaka wa kwanza, chuoni Nizwa,
Mwalimu Badriya alitunyang'anya maneno.
"Mchoro ukihitaji mdomo wako," alisema,
"urudishe mezani, haujaiva."
Wiki nzima tukapiga mistari mitupu:
mnene kwa ukuta uliokatwa,
mwembamba kwa kitu kilicho chini, kwa mbali,
wa nukta nukta kwa kilicho juu ya kichwa chako,
rafu, boriti, feni.
Kidole changu cha kati kikaota sugu.
Vumbi la penseli likaingia kwenye mkono wa abaya,
hata leo halijatoka.

Sikujua kwamba mstari una sauti.
Yangu yote ilikuwa ikinong'ona.
Mwalimu akaibandika kazi yangu ukutani,
akarudi nyuma hatua kumi, akafinya macho:
"Humu ndani kuna msiba?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Desemba nikapewa kazi ya kweli:
jiko la Bibi Ghaniya, Ibra.
Nikamtandikia ramani mkekani, moja kwa hamsini.
Bibi, mzaliwa wa Tabora,
anayesoma Kurani bila miwani,
aliigeuza mara tatu kama chapati.
"Nyumba yangu umeikata kiunoni?"
Ndiyo, Bibi. Mita moja na robo kutoka sakafuni.
"Na kichwa chake umekipeleka wapi?"

Jibu lilikuwepo daftarini. Kinywani halikuwepo.

Fundi Shafiq, mtu wa Sialkoti, hakujua Kiswahili,
na Kiarabu chake kilikuwa cha bei na salamu.
Kati yetu ilikuwepo karatasi
na kidole chake chenye gundi.
Aliisoma polepole, kama barua iliyotoka kwao,
akachezesha kichwa namna ile
isiyo ndiyo wala siyo,
akaichukua.

Siku ya nne mlango ulikuwa umesimama.
Mbao safi, bawaba za shaba.
Nikausukuma,
ukafunguka kwa ndani, mkono wa kushoto,
ukakigonga kiti cha Bibi
pale pale anapochambulia mchele.
Ungo ukaruka. Mchele ukawa kama mvua ya mawe.
Nikamgeukia fundi, ulimi tayari.
Yeye akakunjua karatasi.
Robo duara niliyoichora mwenyewe
saa nane za usiku, Nizwa, na usingizi machoni,
ilikuwa imekaa pale, nyembamba, nadhifu,
upande usio wake.
Hakusema kitu. Aliweka kidole tu.

Basi ndiyo siku mstari wangu uliponena kwa sauti,
na ulichonena kilikuwa uongo.
Mtu mzima aliuamini,
akaupigia randa siku nne.

Nikapiga magoti kwenye mchele, nikafuta.
Kifutio kiliacha alama, kama kovu la ndui.
Juu ya kovu nikaipindua robo duara
ifungukie uani, nikaikoleza
mpaka ncha ya penseli ikavunjika.
Shafiq akachukua bisibisi,
akaanza kuimba puani.

Usiku ule nilichora tena,
safari hii si kutoka juu kama ndege,
bali kutoka kizingitini, macho yangu yalipo:
vigae vikikimbilia nukta moja nyuma ya sinia,
birika la kahawa, kabati,
dirisha na mtende wa jirani ukichungulia.
Weka mtu, alisema mwalimu, kipimo kijulikane.
Nikamweka Bibi kitini, ungo mapajani.

Asubuhi akaipokea karatasi.
Hakuigeuza hata mara moja.
Akautazama mlango wa penseli, kisha wa mbao,
kisha wa penseli,
akapisha mguu wake kidogo, kwa mazoea,
ingawa hapakuwa na haja tena.
Akajitazama mwenyewe muda mrefu.

"Mbona umenikondesha?" akasema.
"Ongeza nyama. Watu watadhani
jiko hili halipiki."